Mstari wa Chaki

Karatasi ya majibu ilikuwa mezani, imekunjwa mara mbili, na Dokta Jesca hakuwa na haraka ya kuikunjua. Aliniamkia kwanza, akamwamkia na mke wangu, Adelina. Nilimjibu macho yakiwa kwenye karatasi. Miezi saba nilikuwa nimeichezea mwenyewe.

Miezi saba nyuma, katika chumba hichohicho, aliniambia nina saratani ya tezi dume. "Ila ni ndogo, mzee wangu, na inakwenda taratibu. Tukiivamia leo tunaweza kukuumiza bure. Tusubiri, lakini kila miezi mitatu uje tupime damu. Ikianza kukimbia, tunaanza tiba."

Nilisikia "tusubiri". Mengine niliyaacha palepale mlangoni. Niliogopa kisu, na zaidi ya kisu niliogopa kurudi nyumbani nikiwa mume wa jina tu. Daktari, binti mwenye umri wa kitinda mimba wangu, kaniruhusu niondoke mzima. Ya nini nigeuke kuuliza? Nilipofika nyumbani Kibamba nikatangaza, "Daktari kasema tusubiri." Adelina akamshukuru Mungu, akachinja kuku.

Mimi ni mchongaji, nilianza kuchonga mpingo tangu niko Newala. Gogo bichi lina tabia ya kupasuka, na si kila ufa ni msiba. Unapiga mstari wa chaki pale ufa unapoishia, unaandika tarehe pembeni. Ufa ukitulia nyuma ya chaki, unaliacha gogo likauke. Ukivuka, unashika patasi siku hiyohiyo, la sivyo umepata kuni. Mwaka huo nilikuwa na gogo moja nene kuliko kiuno changu, na kila Jumatatu nilivaa miwani nikaliinamia. Sikukosa hata wiki moja.

Jumatatu moja Adelina aliniletea uji karakanani, akanikuta nimelipigia magoti.

"Baba Cyprian, hapo unafanya nini?"

"Naangalia ufa kama umevuka. Nasubiri likauke."

"Kumbe kusubiri kwenyewe ndiko huku." Aliinama akautazama mstari, kikombe mkononi. "Na wewe, chaki anakuwekea nani?"

Nikamweleza yote hapohapo kwenye vumbi la mbao: vipimo viwili nilivyoviruka, na ile hofu yangu ya kitandani. Nilitamani anifokee. Yeye akaweka kikombe chini, akaenda kuvaa viatu. Siku hiyohiyo nikatolewa damu, na wiki iliyofuata ndipo tukakaa mbele ya ile karatasi.

Dokta Jesca aliikunjua. Kipimo cha damu kilichokuwa sita sasa kilikuwa kumi na tisa.

"Imevuka," nikasema.

"Imekimbia, ndiyo, mzee wangu. Tupige picha tuone kama bado imo ndani ya tezi." Akavua miwani. "Ungekuja ile miezi mitatu ya kwanza, hili neno 'kama' nisingelisema."

Adelina alinishika goti chini ya meza, akaliminya mpaka likauma.

Picha ilionyesha bado imo, ila imeshagusa ukingo. Nikapangiwa mionzi. Kabla ya siku ya kwanza kijana wa mashine alinilaza, akanichora mistari ya wino kiunoni ili mionzi isikosee njia. "Ukioga usiisugue, baba," akaniambia.

Wiki zote zile, kila asubuhi, Adelina alivaa miwani yangu, akainama, akaikagua mistari kama ipo. Hakukosa hata siku moja.