Kiti cha Mwenyewe

...kidogo tu mwalimu, yuko kwenye simu, alisema sekretari bila kuinua macho, na hiyo kidogo yake ilikuwa imeshaota meno, ingekuwa mtoto ingeshaandikishwa shule, lakini Kiraka aliitikia kwa kichwa na kubaki pale pale ukingoni mwa benchi, nusu amekaa nusu amesimama, mkoba mapajani, kisigino kimeinuka, kama mtu aliyepita tu kuuliza njia, na juu yake feni ilizunguka kivivu ikizungusha joto lile lile, huku pazia la mlango wa mwalimu mkuu likivimba na kunywea, likivimba na kunywea, mpaka akaona kama jengo zima linapumua usingizini na yeye yumo ndani ya usingizi huo... Kiraka si jina la nyumbani, ni la stafurumu, walimpachika walimu wenzake katika shule mojawapo ya zile alizopita, kwa sababu mwalimu akijifungua, akivunjika mguu, akienda kusoma, nani anaitwa kuziba, si yeye, na jina likamfuata shule hadi shule utafikiri limeandikwa mgongoni, na wala halikumkera, angalau kiraka kinashonwa, alikuwa akiwajibu hivyo wakacheka, lakini leo, jamani, leo hakuwa na kicheko, maana asubuhi dada yake alimnyooshea gauni kwa mkono wake mwenyewe huku pasi ikifuka, akasema, mdogo wangu, leo ndiyo mwisho, umenielewa, wakikupa kazi ya kudumu nitapiga vigelegele mpaka majirani watoke nje, wakianza habari za muda, muda, usikae hata kidogo, aga, njoo dukani kwangu, koki na mabomba hayaendi likizo ya uzazi, na yeye akaapa, mbele ya pasi, akaapa kweli, na dada si mtu wa kuapiwa halafu ukageuka, ndiye aliyemlea, ndiye aliyemsomesha kwa hizo hizo koki... hebu jione, mbele ya kabati la vioo, unamweleza fundi bomba tofauti ya nusu inchi na robo tatu, na fundi hanyooshi mkono, fundi hasemi mwalimu, mwalimu, mimi hapa mwalimu, na ilimuuma, ilimuuma hasa.

Nyuma ya ukuta kulikuwa na darasa. Alilisikia tangu alipofika, na sikio lake halidanganyiki kwa kelele za watoto, maana kelele za darasa ambalo mwalimu wake ametoka kidogo zina woga ndani yake, zinapanda, zinashuka, kuna mtoto anayelinda dirishani, lakini hizi hazikuwa na woga hata chembe, hizi zilikuwa kelele za watoto wasiomtarajia mtu, zimeenea tu kama maji yaliyoachwa wazi, na katikati yake kitu kikaburuzwa sakafuni, krrr, akakijua, kiti cha mwalimu hicho, kuna mtoto amekikalia anamwigiza mwalimu wao, wenzake wanakufa kwa kicheko... yeye kiti hicho hakikalii, hajawahi, popote alipofundisha, mkoba aliuweka dirishani, madaftari alisahihisha amesimama, miguu ikavimba, walimu wakamshangaa, we mama una nini na viti, akasema kiti kina mwenyewe, basi, na sweta la mwenyewe likining'inia pale mgongoni mwa kiti hakulisogeza, na siku ya kwanza, kila darasa, sentensi yake ilikuwa moja, watoto, mimi nawashikilia tu, mwalimu wenu atarudi, na watoto wakashusha pumzi, naye akashusha, na kuanzia hapo wakampenda kwa raha zao, maana nani asiyempenda mgeni... eh, na ile shule yenye korido ndefu, alipokosea mlango, alitumwa darasa la sita akaingia la nne, mtu na akili zake, akawapigisha sehemu kipindi kizima, nusu ya robo, robo ya nusu, ubao ukajaa chaki, na vitoto vile vikakodoa macho, vikanakili kila kitu, hakuna aliyefungua mdomo, mpaka kengele ilipolia ndipo akaona vile vimo vyao, akauliza, nyinyi ni darasa la ngapi, la nne mwalimu, sasa mbona hamkuniambia, na kile kibinti cha mbele, chenye pengo, kikasimama kwa adabu zote, mwalimu, sisi hatukuwa na mtu, tukasema ukijua utaondoka.

Stafurumu walicheka wiki nzima kwa kisa hicho, naye akacheka nao, alikisimulia vizuri, alijua wapi pa kunyamaza ili wacheke zaidi, ila ile ya mwisho, ukijua utaondoka, hakuwahi kuisimulia, aliimeza, na sasa mbona inapanda kooni, hapa, na ukuta unanguruma... halafu pazia likavimba na sauti ya mwalimu mkuu ikatoka nalo, sauti ya mama mzito aliyechoka, ndiyo... hapana, yule mwalimu harudi, macho yamekataa kabisa, daktari kamkataza hata gazeti... siyo ya muda afisa, mbona hunielewi, ya kudumu, atakayeingia ndiye mwenyewe... na pazia likanywea likaimeza sauti, na feni ikazunguka, na Kiraka akabaki amekodoa macho kama vile vitoto, ya kudumu, umesikia dada, ya kudumu, andaa vigelegele vyako... pazia likavimba tena, wa kwanza, yule kijana wa tai, nimemwona, anajua kujieleza, huyu wa pili yuko hapa nje bado, nasikia anafundisha vizuri ila hakai mahali...

Hakai mahali. Damu ikampanda, alitaka kuinuka, alitaka kuingia na mkoba wake aseme, mama, sikai mahali vipi, naondolewa, wenyewe wanarudi na watoto wao mgongoni na magongo yao kwapani, nifanyeje, niwafukuze, na jibu alilofundishwa na dada lilikuwa tayari ulimini, sema ulikuwa unatafuta uzoefu, liseme kwa kujiamini... uzoefu, uzoefu wa nini tena, mtu mzima, na hasira ikashuka yenyewe, taratibu, ikaacha kitu kingine mahali pake, woga, ndiyo, aseme ukweli, ni woga, kwa sababu harudi maana yake hakuna sweta, harudi maana yake yule mtoto mzito wa kusoma ni wako, mwaka huu ni wako na mwakani ni wako, huwezi kumwacha nusu ukamwachia mwenyewe, na siku watakapokuchoka watakuchoka wewe, na ile sentensi yake ya siku ya kwanza, alijaribu kuitamka kimoyomoyo akaona haitoki, haina pa kwenda, mwalimu wenu atarudi, nani arudi, arudi kutoka wapi, na ndipo alipojiona, wazi kabisa, mlangoni mwa kila darasa lile, anaingia akiwa ameshaaga, na hakuna aliyemtuma aage, hakuna, wao walimwambia fundisha tu, kuaga alijitungia mwenyewe.

Krrr, kile kiti tena. Kicheko. Mtoto mmoja anapaza sauti, kaeni chini, nimesema kaeni, anaigiza, na sauti imemkauka, mchezo umeanza kumchosha, na hakuna anayekuja. Haya, aingie sasa, afumbe macho aingie, mkoba siyo dirishani, mkoba juu ya meza, na yule wa kwenye kiti anaruka pembeni, wote wanasimama, shikamoo mwalimu, marahaba, na baada ya hapo ni nini, baada ya hapo ulimi mzito, watoto... mwalimu wenu hatarudi, anaumwa macho, na mimi, mimi siendi popote... akairudia, midomo ikicheza bila sauti, siendi popote, na sekretari akainua uso kwa mara ya kwanza, unasemaje mwalimu, hamna kitu, akasema, najisemesha tu, basi subiri kidogo, yuko kwenye simu, na pazia likavimba, likanywea, na Kiraka akateremsha kisigino, akauweka mkoba kando, akarudi nyuma akalikalia lile benchi lote, mpaka mgongo ukagusa ukuta, akausikia ukuta ukitetemeka kwa kelele zao, akasema, nasubiri.