Njia Nzuri ya Kwenda Wampembe

Walipokipita kituo cha mwisho cha mafuta na nyumba za Sumbawanga kuanza kuachiana nafasi, ndipo Kulsumu alipokumbuka kwamba hakumuaga mumewe. Alikuwa amepanda lori kwa hasira, na mtu aliyepanda kwa hasira haagi, hubamiza mlango tu. Sasa mlango umefungwa, Fuso linakwenda, na hasira yenyewe imeanza kupoa ikiacha wasiwasi mahali pake.

Nje ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba. Baridi ya Ufipa iliingia kupitia tundu la gia, ikapanda miguuni. Leonsi, dereva, alivaa koti la mvua na kofia ya sufu iliyomfunika masikio. Huyu ameliendesha lori la Abuu, mume wa Kulsumu, tangu lilipokuwa jipya: anapeleka sukari, sabuni na saruji Wampembe, anarudi na dagaa. Upande wa mlango alikaa Gaudiosa, mchuuzi wa dagaa wa huko huko Wampembe, ziwani, mwanamke mnene wa maneno na mwili. Juu ya mzigo, chini ya turubai, alilala Lazaro, utingo mwenye mvi.

"Hajati," Gaudiosa alisema, "leo umeamua kutukumbuka na sisi?"

"Nimemfuata mwanangu."

"Nyie wa huku juu tunawajua. Dagaa mnamtafuna na kichwa chake, ila kwao hamtaki kufika hata kusalimia."

"Nije nifuate nini? Mbu?"

"Mbu wetu wana adabu. Hawamgusi aliyefika Makka."

Leonsi alicheka. Kulsumu naye alicheka kidogo, kwa kuwa ilikuwa kweli. Makka amefika. Dar es Salaam anakwenda kila mwaka kuchukua vitenge, Tunduma anaijua vichochoro. Lakini Wampembe, mkoa ule ule mmoja, mahali lori la nyumbani kwake linapokwenda na kurudi kama mbuzi aliyezoea zizi, hajawahi kukanyaga. Alimwoza binti yake huko bila kupaona. Saad, mkwewe, ndiye aliyepanda na wazee wake kuja kuoa, wakala pilau, wakamchukua Hasna wakashuka.

Sasa Hasna ana mimba kubwa. Ya kwanza ilitoka, akalia mwezi mzima kwenye simu. Hii ya sasa imekaa. Na kwa watu wa Kulsumu, tangu mama yake, tangu bibi yake, uzazi wa kwanza ni nyumbani kwa mama. Binti anarudi kwao mapema, anakandwa, anapikiwa uji wa pilipili manga, anamaliza arobaini yake ndipo mume anakuja kumchukua. Kulsumu alipiga simu, Hasna akasema, "Mama, njia." Akapiga tena, Hasna akasema, "Mama, njia mbaya, ngoja kwanza." Kulsumu akatoka barazani, akamkuta Leonsi anashusha dagaa.

"Leonsi, njia ya Wampembe ikoje?"

"Nzuri, mama."

Basi. Akajua mwanawe anadanganywa na wakwe, wanataka mjukuu azaliwe mikononi mwao, njia ni kisingizio. Mara ya mwisho alimwambia neno ambalo mzazi hutakiwa alimeze: "Usipopanda, usiniite tena mama." Akakata. Kisha akaamua kwenda kumchukua mwenyewe, bila kumwambia mtu, asije akapewa visingizio vingine.

Chala walisimama kunywa chai na kukaza mzigo. Simu ya Gaudiosa iliita, akasogea pembeni kuongea kwa sauti ya mtu anayedhani simu haina umeme wa kutosha kufikisha maneno. Kulsumu alinunua maandazi ya kumpelekea Hasna. Mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba isiyo na haraka.

Wakaondoka, wakaiacha lami.

Mwanzoni palikuwa pa kawaida. Madimbwi, ng'ombe, matuta ya duara ya Wafipa yamejipanga mabondeni kama vyungu vilivyofunikwa. Halafu lori likaingia kwenye kijito kisicho na daraja, maji yakagonga chini ya miguu yao. Kulsumu akashika dashibodi.

"Leonsi, njia ikoje?"

"Nzuri, mama."

"Hii?"

"Njia nzuri."

Wakapanda kilima, wakakata pori, nchi ikaanza kuinama kuelekea ziwani. Udongo ukawa mwekundu na laini kama sabuni iliyolowa. Upande wa kushoto ukuta wa mawe, upande wa kulia hakuna kitu, ni vilele vya miti iliyoota chini kabisa. Leonsi alivua kofia. Hilo Kulsumu aliliona. Halafu mkia wa lori ukateleza. Haukuteleza kwa kishindo, uliteleza taratibu, kama mtu anayejisogeza kwenye benchi kumpisha mwenzake, ukielekea kulia. Lazaro alisharuka chini na jiwe mkononi. Akalitupa nyuma ya gurudumu, lori likasita, likasimama.

"Mama zangu, shukeni mtembee," Leonsi alisema kwa upole. "Hapa nalishusha peke yangu."

Walishuka. Kulsumu alivua viatu. Alitembea pembeni ya ukuta wa mawe, mkono mmoja kwenye jiwe, na alipojitazama akakuta mkono wa pili umeshika tumbo lake mwenyewe, tumbo lisilo na mtoto miaka mingi sasa. Akilini akamwona Hasna kwenye kile kiti cha lori, anarushwa.

"Gaudiosa. Huyu Leonsi ni mwongo?"

"Leonsi? Leonsi hadanganyi. Ni dereva." Gaudiosa alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Hajati, mumeo ana malori na wewe hujui? Dereva haisemi vibaya njia ambayo bado hajaimaliza. Ukiisema vibaya imekusikia. Anasema nzuri mpaka afike."

"Lakini akifika kwangu anasema nzuri."

"Akifika kwako bado ana ya kurudi. Na akirudi ana ya kuja. Leonsi ataisema vibaya njia hii siku akiacha kazi, labda."

Kulsumu alisimama katikati ya matope. Akamkumbuka Abuu ujanani, alipokuwa akiendesha mwenyewe, anaingia nyumbani na matope mpaka kope, anaulizwa njia ikoje, anajibu nzuri, anaomba maji ya kuoga. Miaka yote hiyo aliyachukua maneno yale kama yalivyo. Kwa maneno yale akamtukana binti yake.

"Alhamdulillahi nimekuja mimi," alisema. "Angepanda yeye hapa..."

Gaudiosa akanyamaza. Kwa mtu kama yeye, kunyamaza ni habari.

"Nini?"

"Mimi nilidhani mmepatana," Gaudiosa alisema polepole. "Nilidhani mnakutana njiani. Dada yangu Epifania kanipigia pale Chala. Anasema mke wa Saad amepanda pikapu leo alfajiri, na mumewe, na mizigo. Anakwenda kwa mama yake."

Kulsumu alitoa simu. Hakuna mtandao. Akaiinua juu, akapanda jiwe, akaigeuza upande wa juu na upande wa chini. Hakuna. Akairudisha kifuani, akaitoa tena.

Lori liliposhuka na kuwasubiri kwenye kona, Kulsumu hakuuliza tena njia ikoje. Aliketi amekodoa macho. Alama za magurudumu alizisoma kama mtu anayetafuta jina lake. Pale matairi yalipokaribia ukingo, alishika goti la Gaudiosa. Kila mlio wa injini uliotoka bondeni alidhani ni pikapu. Mmoja ukawa wa bodaboda iliyobeba magunia ya mkaa. Leonsi akaisimamisha.

"Mshikaji, umekutana na pikapu?"

"Imekwama kule kwenye korongo," alisema bodaboda, maji yakimtiririka puani. "Mbele imeingia mtaroni. Kuna mama mjamzito wamemshusha, amekaa kwenye jiwe."

"Anaendeleaje?" Kulsumu aliuliza.

"Amekaa tu," alisema kijana, akaondoka zake.

Amekaa tu. Maneno hayo mawili Kulsumu aliyabeba kona baada ya kona. Mzima hukaa. Mgonjwa naye hukaa. Alianza dua, ikamponyoka katikati, akaanza upya. Leonsi alitaka kukimbiza lakini njia haikumruhusu, na Kulsumu aliona taya lake linavyotafuna bila kitu mdomoni. Gaudiosa alimpa ushungi wake afute uso. Haikuwa mvua iliyoulowesha.

Kabla ya korongo lori halikuweza kusogea karibu. Kulsumu akashuka lingali linasita, akakimbia na miguu mitupu, mwanamke wa makamo, Hajati, gauni limeshikwa kwa mikono miwili.

Hasna alikuwa kwenye jiwe chini ya turubai lililoshikwa na Saad kwa mikono yote miwili. Uso umepauka, midomo imekauka. Alipomwona mama yake alijaribu kusimama.

"Shikamoo mama. Nakuja. Tumekwama kidogo tu, nakuja."

"Kaa. Wapi panauma?"

"Mgongo. Unakuja na kuondoka."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi, kwenye mashimo," Saad alijibu. "Nilimwambia tugeuze, akakataa. Kasema mama yake keshasema." Hakumtazama mkwewe aliposema hivyo, na Kulsumu alielewa kwa nini.

"Tunashuka," Kulsumu alisema. "Turudi Wampembe."

Hasna akatikisa kichwa. Machozi yalianza kumtoka. "Mama, usinitege. Ulisema nisipopanda nisikuite mama. Nimepanda. Lori si hili hapa? Twende juu. Wewe si umepita salama?"

"Hasna."

"Ulisema njia nzuri. Ulisema Leonsi mwenyewe anakwambia nzuri."

Leonsi alikuwa amesogea, amesimama na kofia mkononi. Saad akamgeukia.

"Kaka, huko juu mlikotoka pakoje?"

Leonsi alitazama matope. Huko juu ndiko nyumbani kwake, na ilikuwa lazima apite tena. "Mimi," alisema mwishowe, "binti yangu nisingempitisha." Zaidi ya hapo hakuweza.

Hasna alimtazama mama yake. Bado hakuamini. Mama yake hajawahi kugeuza neno, hata la bei ya khanga.

Basi Kulsumu akapiga magoti kwenye udongo mbele ya mwanawe, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Lazaro kwenye lori. "Njia mbaya. Umenisikia? Njia hii ni mbaya, mbaya sana, nimeipita na nimeogopa. Wewe ulinambia kweli, mimi nikakutukana. Mtoto atazaliwa huko huko unakoishi, na mimi nitakaa huko."

Leonsi aligeuka pembeni akatema mate. Lazaro alishika kichwa. Hasna alimwegemea mama yake, akaanza kulia kwa sauti, kisha akanyamaza ghafla na kumkaza mkono. Maumivu yalirudi, na safari hii hayakuondoka upesi.

Wanaume walisukuma mkia wa pikapu pembeni, lori likapata pa kupita. Walimweka Hasna kwenye kiti cha lori, katikati, Kulsumu kulia, Gaudiosa kushoto. Saad na Lazaro wakatangulia kwa miguu mbele ya taa, wakionyesha kwa mikono. Leonsi aliendesha kama mtu aliyebeba beseni la maji limejaa pomoni. Kulsumu alimkanda mwanawe kiuno kwa kiganja, akihesabu pumzi badala ya maneno. Kwenye kona moja miti ikaachana, ziwa likatokea chini, kubwa kuliko alivyowahi kusikia kwa mtu yeyote, buluu mpaka milima ya Kongo, na mitumbwi imetawanyika juu yake kama mbegu. Hakupata nafasi ya kulistaajabia. Hasna alikuwa anamng'ata bega.

Walifika zahanati mvua imekatika.

Hasna alijifungua mtoto wa kike kabla ya jua kuzama. Alikuwa mdogo, akalazwa kifuani pa mama yake mpaka akaongezeka uzito. Saad ndiye aliyechagua jina. Wanaishi Wampembe, wamepata na wa pili.

Kulsumu alikaa mpaka arobaini ikaisha, nyumba moja na mama yake Saad, na wakazoeana. Alijifunza kukaanga migebuka, samaki wa ziwa lile, na kulala na chandarua. Tangu hapo anashuka kila kiangazi. Mwaka uliofuata alikwenda pia Milepa, kuona mchele anaouza dukani unakotoka, na akasema alijilaumu kwa kuchelewa. Sasa haagizi mtu aende mahali ambapo yeye hajafika.

Abuu aliulizwa kwa nini miaka yote hakumwambia mkewe habari za njia ile. Alisema hakuna siku aliyoulizwa akiwa hana safari. Aliuza lori moja, lingine analo.

Leonsi alivunja springi akirudi, na mpaka leo anamtaja aliyesababisha. Bado anaendesha njia ile ile. Lazaro aliacha kazi, analima mahindi Chala.

Gaudiosa anauza dagaa. Akipanda mjini hulala kwa Kulsumu.

Pikapu ilivutwa baada ya mvua, mwenyewe akaipeleka Namanyere akaiuza.