Magoti ya Mzee Rwantare

Mzee Rwantare alikuwa na sababu mbili za kutomtaka Tibenderana awe mkwe wake. Ya kwanza, gorila walishuka msituni wakaimaliza migomba yake. Ya pili, kijana huyo alilipwa mshahara kuwapeleka wageni kwa gorila haohao, na kuwaita kwa majina kama binadamu.

"Binti yangu aolewe na mtu anayeamka alfajiri kufuata mavi ya wanyama," alikuwa akiwaambia majirani. "Nyinyi endeleeni kunywa, mimi nawaza."

Katusiime, binti mwenyewe, alikwisha kuchagua. Lakini kwa Wakiga binti huchagua na baba huamua, na siku ya posa ilikuwa imekaribia.

"Usimkere baba," alimwonya Tibenderana. "Safari hii ukimkera, mimi na wewe basi."

Sasa, kila nyumba inayopakana na msitu wa Bwindi ina zamu ya kutoa mpagazi wa kubeba mizigo ya wageni. Zamu ya nyumba ya Rwantare ilipofika, aliyepaswa kwenda ni mwanawe wa kiume. Asubuhi hiyo Tibenderana alifika kambini akamkuta mzee mwenyewe amekaa kwenye benchi la wapagazi, amevaa koti la bluu la kazi, na chini yake suruali ya kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Baba yuko nyumbani. Hapa mimi ni mpagazi. Nipe mzigo."

Akapewa mkoba wa Bi Greta, mzungu mmoja aliyestaafu udaktari wa meno. Mkoba wenyewe ulikuwa mzito kana kwamba amebeba meno yote aliyowahi kung'oa. Mzee aliutupa begani bila kuguna.

Tibenderana akawapanga wageni mstari na kuwapa masharti, kama alivyofanya kila siku. Vaeni barakoa. Msiwasogelee. Msimtazame dume machoni. Akija mbio, msikimbie: pigeni magoti, tazameni chini, chumeni majani mtafune kama mnaokula naye.

"Kwa hiyo mnamsujudia," ilisema sauti kutoka benchi la wapagazi.

Wageni waliuliza mzee amesema nini. Tibenderana aliwaambia kwamba anawatakia safari njema.

Walipanda mpaka jua likawa utosini. Bi Greta alihema, Tibenderana alihema, mzee hakuhema. Alikuwa nyuma tu, anaangalia kila mahali kijana anapokanyaga, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Hatimaye gorila walipatikana kwenye mteremko, wakila. Kama ilivyo desturi, wapagazi waliachwa chini kidogo na mizigo, nao wageni wakasogezwa mbele na kamera zao.

Kulikuwa na dume moja kubwa lenye mgongo mweupe, jina lake Kihembo. Kihembo alipigwa picha kidogo, akachoka. Aliwapa wageni kisogo, akashuka moja kwa moja kwa wapagazi.

Tibenderana alimfuata kwa kuzunguka kichakani, akamtangulia. Wapagazi wote walikuwa wamepiga magoti isipokuwa mmoja. Mzee Rwantare alisimama wima na fimbo mkononi, akimtazama Kihembo machoni.

"Ndiye huyu," alisema. "Namjua kwa hilo sikio lililochanika. Amekula migomba yangu, na palepale akanya."

"Baba, chuchumaa."

"Nani?"

"Wewe, baba. Piga magoti. Usimtazame."

"Nimpigie magoti huyu? Aliyenitia njaa?"

Kihembo akasimama kwa miguu miwili, akajipiga kifua. Mzee akainua fimbo.

Kwa watu hawa mkwe ndiye humpigia magoti baba wa mkewe, na hakuna aliyewahi kusikia habari ya kinyume chake. Tibenderana alilijua hilo vizuri. Alimwona Katusiime mawazoni akimpa mgongo na kwenda zake. Kisha akapiga kelele:

"Rwantare! Chini!"

Alimwita jina tupu, kama mtu anavyoita mbuzi. Mzee hakuwa ameitwa hivyo tangu mama yake afariki, na ni mshangao uliomkunja magoti, si utii. Tibenderana akaruka mbele yake, akapiga magoti katikati, akachuma majani, akamrushia mengine nyuma.

"Kula, baba."

"Hii ni mboga gani?"

"Tafuna tu. Na ugune hivi: mmm-hmmm."

"Mmm-hmmm," aliguna Mzee Rwantare.

Kihembo alikuja mbio, akasimama karibu kiasi cha kunusika. Akawatazama wale wawili wanavyotafuna. Akakaa, akajikuna, akaguna naye. Kisha akaondoka kama aliyekumbuka shughuli nyingine.

Mzee alitema majani.

"Ulikuwa unatetemeka," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Mbona hukukimbia?"

"Wewe ulikuwa nyuma yangu."

Mzee alikung'uta suruali ya kanisani, akaubeba mkoba wa Bi Greta mpaka kambini. Aliondoka bila kuaga.

Jioni Katusiime alikuwa amekwisha kusikia, maana wapagazi hawana kifua.

"Ulimwita nani?"

"Jina lake."

"Tupu?"

"Tupu."

"Ukamlisha majani." Katusiime alikaa chini. "Ulibakiza kumfunga kamba tu."

Siku ya posa Tibenderana alikwenda kama mtu anayekwenda kujizika. Alipiga magoti uani mbele ya wazee, na mshenga wake akaanza kumwaga maneno matamu. Mzee Rwantare alimwacha amwage yote mpaka akaukiwa. Chungu cha pombe ya mtama kilikuwa katikati, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Katusiime alikuwa mlangoni, shali imemziba mdomo.

Mzee aliinuka kitini. Alitembea mpaka mbele ya Tibenderana, na hapo, shangazi wote wakitazama, akapiga magoti. Mmoja wa shangazi alitaja jina la Yesu. Mzee akang'oa nyasi za uani, akazigawa mara mbili, akampa kijana nusu.

"Kula."

Tibenderana alikula. Machozi yalimtoka, akashindwa hata kuyafuta.

"Mmm-hmmm," aliguna mzee.

"Mmm-hmmm," aliitika Tibenderana, akitazama chini.

Mshenga aliwatazama wote wawili, akakohoa.

"Samahani, Mzee wetu. Hiyo ni ndiyo, au ni hapana?"

"Wewe, chini," alisema Mzee Rwantare bila kuinua macho. "Huoni tunakula?"