Ubeti wa Peadar

Ailbhe alijua Kiayalandi cha vitabuni kuliko mimi, na hakuniacha nisahau. Mimi nimezaliwa ndani ya lugha hii. Nimebembelezwa kwayo na kutukanwa kwayo. Lakini tulipokuwa tukisoma shahada ya uzamili pale Galway, yeye mtoto wa Dublin, aliyejifunza lugha darasani, ndiye aliyeninong'oneza kanuni za ushairi wa kale huku mimi nikipekua kamusi, jasho likinitoka. Nilimpenda hivyo hivyo. Tulipanga nyumba moja karibu na mto, tukawa na birika moja na koti moja zuri la mvua. Aliyewahi kuamka ndiye aliyelivaa.

Tasnifu yangu ilihusu nyimbo za watu waliozama baharini katika parokia yetu. Wenzangu waliniona nimezaliwa na bahati. Wao walikodoa macho kwenye miswada iliyofifia, mimi nilikuwa na Bibi Baibín, dada yake marehemu bibi yangu, aliyenilea tangu mama alipohamia Boston. Bibi Baibín alikuwa na wimbo ambao haukuwa kwenye maktaba yoyote, kwa sababu nyumba yetu haikuwahi kumruhusu mtu auandike.

Wimbo ule ulitungwa kwa ajili ya kaka yake, Cóilín. Mtunzi alikuwa mama yao mzazi. Siku aliyokufa, Cóilín alitakiwa kwenda kukata mwani na Peadar wa Labhrás, kijana wa nyumba ya ng'ambo ya barabara. Peadar alikuwa amekesha kwenye dansi, akashindwa kutoka kitandani. Cóilín akaenda peke yake, na mtumbwi uliojaa mwani uliolowa si kazi ya mtu mmoja. Walipomleta ufukweni, mama yake alikaa kwenye changarawe akaimba, na waliokuwepo wakayashika maneno. Zilikuwa beti saba. Mbele za watu ziliimbwa sita.

Ubeti wa saba ulikuwa wa Peadar. Niliusikia mara moja tu, nikiwa mdogo, Bibi Baibín akikamua ng'ombe na kudhani yuko peke yake:

Lala, Peadar wa Labhrás, jua limepanda, lala;
kitanda chako kikavu, cha mwanangu ni chumvi.
Siku ya jeneza lako, usipate mwana wa kulibeba.

Peadar alioa, akapata mwana na binti. Mwana alikwenda London kufanya kazi ya ujenzi, ukuta ukamwangukia kabla hata hajaoa. Baba alipokufa, nilisimuliwa, jeneza lake lilibebwa na majirani. Wazee waliokumbuka ubeti ule walitazama chini njia nzima. Binti, Sail, ambaye kwa masimulizi hayo alitembea nyuma ya jeneza, hakujua kwa nini. Parokia nzima ilikuwa imekubaliana, bila kikao chochote, kwamba Sail hatayasikia maneno yale.

Na Sail, ndugu msomaji, ndiye aliyenifunga kamba za viatu siku yangu ya kwanza ya shule. Hakuolewa, hakuzaa. Mimi ndiye mtoto aliyekuwa naye. Kila Jumapili baada ya Misa alivuka barabara, akaja jikoni kwetu kunywa chai, na alikuwa na kikombe chake kabatini, cha maua ya bluu, ambacho hata padri hakupewa.

Nilipomwambia Bibi Baibín kwamba nataka kuuandika wimbo kwenye tasnifu, alizima redio, jambo ambalo nyumbani kwetu hufanywa kwa ajili ya kifo tu.

"Niapie," akasema. "Sail akiwa hai, hutauandika wala hutauimba nje ya nyumba hii. Hata zile sita. Watu wakizipata sita watautafuta wa saba."

"Na akishatangulia?"

"Nitakushika mkono nikupe wote. Nikiwa nimetangulia mimi kwanza, basi tena."

Kwetu mwimbaji wa nyimbo za kale haimbi akiwa ameachwa peke yake. Anayempenda hukaa karibu, humshika mkono, na kuuzungusha taratibu wimbo unavyokwenda, kama mtu anayeteka maji kisimani. Wimbo wa nyumba hurithiwa hivyo hivyo, mkono kwa mkono. Mkono wake nilikuwa nikiungoja tangu utoto. Nikaapa.

Msimamizi wangu alikuna kidevu nilipomwambia naiondoa sura ya wimbo huo. Alisema tasnifu itabaki mifupa. Alisema pia, kwa upole uliouma zaidi, kwamba nafasi ya kuendelea na uzamivu ilikuwa moja, na kwamba sura hiyo ndiyo ingenipa. Nikaiondoa. Nililia usiku kucha na Ailbhe akanipikia viazi kwa siagi, akaketi ukingoni mwa kitanda changu, nami nikamsimulia yote: Cóilín, Peadar, Sail, kiapo. Alisema hajapata kuona mtu mwaminifu kama mimi.

Mwaka Mpya nikampeleka nyumbani. Bibi Baibín alimkagua kuanzia viatu hadi nywele, akanifinya na kuninong'oneza kwamba anaongea kama padri anayesoma tangazo. Lakini siku ya pili walikuwa wakicheka pamoja, na Ailbhe alikuwa amevaa aproni ya nyumba, unga wa mkate wa soda umemfika viwikoni. Nilisikia raha. Nilimwambia Bibi, "Huyu ni mtu wetu," na Bibi akasema anaona.

Asubuhi ya Misa Bibi alilalamika kwamba goti linamsumbua. Ailbhe akajitolea kubaki naye. Nikaenda na Sail, tumeshikana mikono kwa sababu ya barafu, na tuliporudi tuliwakuta wawili hao wamekaa kimya mbele ya moto. Macho ya Ailbhe yalikuwa mekundu. Nikadhani ni moshi.

Ilipofika majira ya kuchipua, redio yetu ya Kiayalandi ilianza kuwaalika wanafunzi wa uzamili, kila Jumapili mmoja, aimbe na kueleza utafiti wake. Redio hiyo haizimwi huku kwetu. Ndiyo inayotangaza nani amefariki na ng'ombe wa nani amepotea. Ailbhe alipopata zamu yake aliniambia ataimba kitu cha upande wetu. Nilipomuuliza kipi, akasema ningoje, akageuka kuosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Nilikwenda nyumbani nikasikilize nao. Bibi Baibín mwenyewe ndiye aliyenituma ng'ambo ya barabara.

"Mwite Sail mapema," aliniambia. "Asije akakosa mwanzo."

Nikaenda mbio. Sail alikuja na maandazi yake ya zabibu kavu kwenye kitambaa, akaketi mahali pake, akapewa kikombe chake. Mimi ndiye niliyeongeza sauti ya redio. Nilikuwa na fahari ya kijinga, ile ya mtu ambaye rafiki yake anasikika nchi nzima.

Mtangazaji akamkaribisha. Ailbhe akasema ataimba wimbo ambao haujawahi kusikika hadharani wote mzima. Akasema, na maneno haya ninayo bado masikioni: "Namshukuru Dairíne, rafiki yangu, aliyenipeleka nyumbani kwao."

Dairíne ni mimi.

Nilipoutambua mstari wa kwanza, nilisema moyoni ataimba sita. Nilijiambia hivyo ubeti baada ya ubeti. Aliimba vizuri, nakiri kwa uchungu. Hata pale ambapo Bibi Baibín huvuta pumzi katikati ya neno, naye alivuta papo hapo. Sail alikuwa akitikisa kichwa kwa huzuni nzuri, ile ya kuusikia wimbo wa jirani. Ubeti wa sita ukaisha. Nikainuka kwenda kuzima redio, lakini Bibi Baibín alikuwa na fimbo yake imekaa mapajani, akainyoosha ikanizuia kifuani.

"Acha," akasema.

Nikaacha. Nilidhani amepotewa na akili. Ubeti wa saba ukaimbwa jikoni kwetu, jina la Peadar, jina la Labhrás, kitanda, chumvi, jeneza. Sail alikitua kikombe polepole kwenye kisosi. Alitutazama, kwanza Bibi, kisha mimi, na kwangu ndiko macho yake yalikobaki, kwa kuwa jina lililotajwa redioni lilikuwa langu.

"Nilimbeba baba mwenyewe, upande wa kushoto, mbele," akasema. "Walisema si kazi ya mwanamke. Nikambeba. Hilo halimo kwenye wimbo wenu."

Akachukua kitambaa chake, maandazi akayaacha, akavuka barabara. Nilimfuata hadi mlangoni kwake nikimwita shangazi, nikimwambia si mimi. Alisimama akiwa amenipa mgongo.

"Ulikuja mbio kuniita," akasema. Mlango ukafungwa.

Nilimpigia Ailbhe simu nikiwa nimesimama barabarani. Sikumsalimu. Nilimwita mwizi, nikamwita nyoka, nikamwita majina ambayo hayamo kwenye kamusi yoyote anayoijua yeye. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa maneno.

"Sikuuiba," akasema. "Alinipa."

"Nani alikupa?"

"Bibi yako. Mkiwa kwenye Misa. Alinishika mkono, akaniimbia mara tatu mpaka nikaweza. Akasema niuimbe redioni, beti zote saba, na nisimtaje. Akaniapisha nisikuambie. Sikutaka kuondoka hewani bila kumshukuru mtu yeyote, nikakushukuru wewe. Nilidhani nakufanyia wema."

"Ulijua habari za Sail. Nilikusimulia."

"Nilijua," akasema Ailbhe. Kisha akaanza kueleza kwamba lugha inakufa, na wimbo mmoja ukifukiwa ni sawa na... Nikakata simu. Baadaye mwaka huo ile nafasi moja ya uzamivu aliipata yeye. Sikushangaa, wala sikumpelekea pongezi.

Nilirudi jikoni. Bibi Baibín alikuwa anakula moja ya maandazi ya Sail. Nilimuuliza kama ni kweli, nikimwomba Mungu Bibi anitukane, aniite mjinga kwa kuyaamini maneno ya mtu wa Dublin. Alipangusa makombo kwanza.

"Kweli," akasema.

"Mimi nilikuapia. Niliitupa sura yangu kwa ajili ya kiapo chako."

"Ulifanya vizuri."

"Kwa nini yeye, Bibi?"

"Kwa sababu wewe unampenda Sail. Ungeimba sita mpaka unaingia kaburini." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama tunapanga nani ataleta kuni. "Mama aliutunga ubeti ule usikike. Mimi nimekaa nao maisha yangu yote nikimmiminia chai binti wa Peadar. Kila Jumapili. Sukari vijiko viwili. Unadhani nilikuwa namwona Sail? Nilikuwa namwona yule aliyelala."

"Sail hakuwa amezaliwa hata."

"Najua."

"Basi mwambie ni wewe. Vuka barabara umwambie. Amedhani ni mimi."

Alitikisa kichwa. "Wewe ni kijana. Atakuja kukusamehe. Mimi sina muda wa kusamehewa."

Nilitaka kulia lakini hasira ilikuwa imekausha kila kitu. Huyu ndiye aliyenifundisha kusali. Alinizuia kwa kiapo, akanipitia nyuma akampa mgeni, akanituma mimi kwa miguu yangu nikamlete Sail aje asikie, kisha akaliacha jina langu limfunike. Ailbhe alinisaliti kama mtu anavyomsaliti mwenzake darasani. Bibi alinisaliti huku akinijua.

Labda aliona usoni mwangu kitu kilichomtisha, maana aliisogeza fimbo kando, akavuta kiti cha Sail karibu na chake.

"Kaa," akasema. "Sasa hakuna tena cha kuficha. Njoo nikupe wimbo. Wote."

Akaninyooshea mkono, kiganja juu, jinsi nilivyokuwa nikiuota tangu utoto. Akafumba macho na kuanza ubeti wa kwanza. Kwa hakika sauti yake ilishinda ya Ailbhe mara elfu. Mkono wake ulining'inia hewani ukizunguka wenyewe kidogo kidogo, ukitafuta wa kuushika, na kwetu hakuna aibu kubwa inayoweza kumpata mwimbaji kuliko hiyo. Alijua. Aliendelea kuimba.

Sikuushika. Nilikichukua kikombe cha maua ya bluu mezani, nikamwaga chai iliyobaki, nikakiosha, nikakikausha. Kisha nikavuka nacho barabara na kukiweka kwenye kizingiti cha Sail, kwa kuwa kwetu hatakinywea tena. Nilirudi Galway kwa basi la jioni. Asubuhi yake majirani walinipigia simu kuniambia kikombe bado kiko pale pale, nje, na kimejaa maji ya mvua.