Nafasi ya Mshono

Mdogo wangu wa kike alikuwa hajaniita Kaka kwa miaka kumi na mmoja. Hata kwenye msiba wa mama yetu aliniita "yule". "Mwambieni yule alete viti." Nikaleta viti, nikavipanga kimoja kimoja, na bado nikabaki kuwa yule.

Baada ya msiba alimtuma shangazi na ombi moja tu. "Nguo za mama azigawe anavyotaka. Mimi anipe lile gauni la zambarau lenye vidoa vyeupe, basi."

Gauni lilikuwa kwangu, kwa kuwa mama aliishi kwangu. Ningelikunja nikampelekea, kwake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Lakini nikajiambia, gauni kuukuu litafuta vipi miaka kumi na mmoja? Nikaamua kumshonea blanketi la viraka kutokana na magauni yote matano ya mama, la zambarau likae katikati kama nyota kubwa. Akilikunjua, lazima aniite Kaka.

Kilichotutenga sitakificha. Tulifanya kazi kiwanda kimoja cha nguo, yeye mkataji, mimi mpakiaji. Mgomo wetu ulianza Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi. Nakumbuka kufuli walilotia langoni. Nakumbuka rangi ya shati la msimamizi, na nani alimpelekea umbea wetu, na alipandishwa cheo gani kwa umbea huo. Mimi sisahau. Orodha ya madai niliiandika kwa mkono wangu, na chini yake jina la kwanza nikaliweka la mdogo wangu, mkataji bora kuliko wote pale, ili wenye kiwanda wajue hatuna mchezo. Sikumuuliza. Tumenyonya ziwa moja, tuulizane nini? Walitufukuza wote. Wenzetu wakapata kazi kwingine, lakini aliyeongoza orodha hakuna kiwanda kilichomtaka tena. Leo anabadilisha zipu na kupunguza suruali za watu chini ya ngazi za jengo la maduka. Mimi wakanichagua mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi.

Kushona nilikuwa najua kifungo tu. Lakini sheria za kazi nilijifunza mwenyewe, kwenye magazeti ya kufungia sabuni, na mawakili wenye tai nimewatoa jasho. Programu ya kompyuta ingenishinda? Mwenye duka la fotokopi aliniwekea moja kwenye kompyuta ya ofisi ya chama, ya kuchorea mablanketi ya viraka. Unachora mraba, unaugawa pembetatu, unaujaza picha ya kitambaa chako, nayo inarudia mpaka blanketi zima limeenea. Yote kwa lugha ya wenyewe. Nikakaa na kamusi mapajani, nikiwatukana walioiandika, maana kila ukigusa kitu kinafunguka kidirisha na kukuhoji kama askari wa zamu.

Katibu wetu hakuninyamazia. "Mwenyekiti, barua ya wafagiaji haijajibiwa, wewe unachora maua?"

"Si maua. Ni nyota."

"Samahani, mheshimiwa. Nyota ya ncha saba?"

Nikahesabu. Saba kweli. Ya nane nilikuwa nimeijaza rangi ileile ya nyuma yake, ikamezwa.

Wiki tatu zilikwisha hivyo. Nilijifunza kugeuza, kupindua, kubadilisha rangi za pande zote kwa mpigo mmoja. Kilichonilevya hasa ni kile kitufe cha kurudisha nyuma. Unaharibu, unabonyeza, na mambo yanakaa kama hakuna aliyewahi kukosea. Na kitambaa cha kwenye skrini hakiishi. Nyota ikang'aa pale, ncha nane, zambarau ya mama katikati, nikamwita katibu aje aione mara tatu kwa siku moja.

Nikachapa karatasi za kukatia. Nikayatandaza magauni juu ya meza ya mikutano, nikaanza na la zambarau. Karatasi juu ya kitambaa, chaki pembeni, mkasi. Miraba ishirini, pembetatu thelathini na mbili. Sikupinda hata mstari mmoja.

"Mkono wa daktari huo," akasema katibu, safari hii bila utani.

Nikaazima cherehani, nikaunga nyota ya kwanza. Haikukutana. Pembetatu zilikuwa fupi kuliko miraba, ncha zikamezwa na mshono, katikati pakafura kama tumbo la gesi. Nikafumua, nikaunga tena. Mara ya nne nikauma meno, nikampigia simu mdogo wangu.

"Nani?"

"Ni mimi. Nina kazi ya mkasi hapa ofisini imenishinda."

"Imekushinda wewe? Ngoja nije nione kwa macho yangu, wasije wakanisimulia." Kulikuwa na kicheko ndani ya sauti ile. Naapa kilikuwemo.

Alifika na futi yake ya fundi shingoni. Katibu akamkaribisha kiti, akajitafutia safari ya fotokopi, akatuacha. Nyota niliilaza kifudifudi, upande wa nyuma uliopauka ukawa juu, nilitaka aone kwanza mshono. Akaokota pembetatu moja iliyolala vivyo hivyo, akaipima, akapima mraba, akacheka kwa pua.

"Hukuongeza nafasi ya mshono, ule ukingo unaoliwa na sindano. Umekata saizi ya kumalizia. Sasa mraba unapoteza kidogo, pembetatu inapoteza zaidi kwa sababu ya ule mshazari wake, zitakutana wapi? Mtu wa wiki ya kwanza kiwandani analijua hili, Kaka."

Kaka. Lilimponyoka lenyewe. Nilimeza mate nisije nikalitisha likakimbia.

Akaigeuza ile pembetatu. Vidoa vyeupe.

"Hii ni ya nini?"

"Ya mama. Lile la zambarau. Nilitaka nikushonee kitu kikubwa zaidi."

"Nilikuomba kitu kikubwa zaidi?"

"Hapana, lakini..."

"Liko wapi lililobaki?"

Nikamwonyesha rundo.

"Gauni hili nililikata mimi," akasema. "Kwenye meza ile ya kiwandani, Ijumaa, kabla ya Jumatatu yako. Ndicho kitu cha mwisho nilichokata pale. Kola ilinisumbua, ikakaa upande, mama alipolijaribu nyumbani akasema atalivaa hivyohivyo. Wewe ulikuwepo, ulikuwa unakula. Hukumbuki?"

Sikukumbuka. Rangi ya shati la msimamizi naikumbuka mpaka leo.

"Angalau ulilipiga picha kabla?"

"Nilipiga!" Nikakimbilia kompyuta, nikafungua. Mraba wa zambarau wenye vidoa. Hauna shingo, hauna mikono. "Programu inataka kipande cha kiganja tu," nikamweleza. "Kilichobaki inakijaza yenyewe."

Alisukuma viti, akakaa sakafuni, akaanza kupanga vipande kimoja kimoja. Alivisoma kwa kidole, akifuata uzi ulivyolala: hiki cha mgongoni, hiki cha sketi. Nikachuchumaa kumsaidia. "Hicho si hapo," aliniambia, mara mbili, kwa upole. Saa nzima. Sketi ilikaribia kuwa sketi. Mgongo ukapatikana nusu.

"Kola?"

"Ilikuwa haitoi mraba," nikasema. "Ilikwenda na taka. Jumanne."

Akasimama. Hapo ndipo nilipopaswa kufunga mdomo. Badala yake nikaanza kumweleza kwamba miraba ikipunguzwa bado blanketi dogo litatoka, kwamba nafasi ya mshono ina kisanduku chake kilichoachwa bila tiki, wamekificha ndani ya menyu ya tatu, kwamba hawa wanaoandika programu hawajawahi kutunga uzi kwenye sindano, na sauti yangu ikapanda, ikapanda, kama niko langoni mbele ya watu mia nne.

"Unaongea vizuri, Mwenyekiti," akasema. "Siku zote umeongea vizuri."

Akaizungusha futi shingoni, akashuka ngazi.

Saa kumi wajumbe wa chama walifika. Katibu akachungulia, akaiona sakafu, akauliza wapite wapi. Nikamwambia wafanyie mkutano hukohuko ngazini. Niliwasikia wakisoma ajenda, kisha wakanyamaza wakingoja nitoke niseme neno. Nilikuwa nimepiga magoti pale kwenye mabega ya gauni, natafuta kipande cha kwapa la kushoto.