Skana ya Bernadine

Ninaye mgeni jikoni, hali wala hanywi, lakini akikohoa tu mwenye nyumba huacha chungu motoni. Wajukuu wangu hubahatisha paka, mara simu, mara babu yao. Wakishanipa mji ndipo nawaambia: ni skana ya Bernadine Yurkonis, jirani yangu.

Nikisema jirani namaanisha ukuta mmoja. Nyumba yetu imegawanywa katikati tangu enzi za machimbo ya makaa, yeye kushoto, mimi kulia. Akipiga chafya namwambia pole bila kuinua sauti.

Skana ni kiredio kinachonasa mazungumzo ya zimamoto. Huku kwetu Pennsylvania karibu kila nyumba inacho juu ya friji, ila cha Bernadine hakizimwi hata akisali, na ana kingine kidogo cha kutia mkobani. Tena ana daftari. Kila moto anauandika: tarehe, nyumba, na sababu. Sababu kwake ni ileile siku zote, "uzembe". Mimi nimo mara mbili, mara moja kwa mshumaa wa Krismasi tu.

Ijumaa moja ya Kwaresima, saa sita mchana, nilisikia kupitia ukutani akikaanga vitunguu kwa siagi, vya kumwagia pierogi zake, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani. Skana ikatoa ile milio miwili ya kukiita kikosi chetu. Mama wa kituo cha simu akatangaza: moshi ndani ya nyumba, barabara ya Spruce, kwa Bi Petrusky. Mlango wa kushoto ukabamizwa.

"Florence, panda twende," aliniita kutoka garini. "Mwalimu mzima kachoma nyumba."

"Si hapo nyuma tu? Tutembee."

"Tembea wewe. Utakuta wameshamaliza."

Nikapanda. Sijitii utakatifu, nilitaka kuona.

Nusu ya mji ilikuwa imeshafika. Magari yamejaa kote kote, na Bernadine akaegesha palepale anapopapenda, kisogoni mwa gari la zimamoto, ili aone vizuri. Hakukuwa na moto. Bi Petrusky, aliyetufundisha sote, amesimama kizingitini na kipande cheusi mkononi.

"Mkate huo, mwalimu?" Bernadine akauliza, daftari tayari limefunuliwa.

"Ulikuwa mkate."

"Basi naandika uzembe."

"Andika, mwanangu. Hata darasa la tatu uliandika sana, ukafaulu kidogo."

Watu wakacheka. Kicheko hakijaisha, mkoba wa Bernadine ukalia milio miwili. Moshi unatoka dirisha la jikoni, barabara ya Walnut, namba mia mbili kumi na nane.

Bernadine akatikisa kichwa. "Kuna watu hawafundishiki. Utaona, mtu kaacha kikaango motoni akaenda zake kuzurura."

Watu wakamgeukia. Namba yangu mimi ni mia mbili na ishirini.

"Bernadine," nikamwambia, "kikaango ni chako. Ukuta ni wangu."

Mkuu wa kikosi, Leonard Hudock, alikuwa ameshapanda garini. Akatazama kioo. "Nani kaegesha hapa nyuma?"

Mji mzima ulijua. Bernadine akaanza kutafuta funguo: ikatoka skana, ikatoka chupa ya chai, zikatoka biskuti. Mbele nako magari ya watazamaji yameziba, wenyewe wameshika simu wanapiga picha. Leonard akaruka chini, akachukua mtungi wa kuzimia moto, akakimbia kwa miguu, wenzake wawili nyuma yake. Nami nikafuata na magoti yangu ya bandia, nikisali kwa kila mtakatifu niliyemkumbuka.

Walizima. Pazia liliungua, na kabati, na upande wake wa ukuta ukawa mkaa. Upande wangu karatasi ya maua ilivimba, sehemu ya ukubwa wa sinia. Niliweka kiganja, palikuwa pa moto kama mkate uliotoka sasa hivi kwenye oveni. Nikaketi sakafuni palepale, nikalia kidogo.

Bernadine alifika wa mwisho. Hajawahi kuchelewa kwenye moto maishani mwake.

"Bi Bernadine," Leonard akamwambia, "skana ikilia, zima jiko kwanza."

"Ndiyo, Leonard." Kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kupitia ukutani.

Wiki mbili mafundi wakikarabati jiko lake, alikula kwangu. Siku moja aliacha daftari mezani nikalifunua, Mungu anisamehe. Ijumaa ile: Spruce, kwa Petrusky, mkate, uzembe. Chini yake: Walnut, mia mbili kumi na nane. Sababu: inachunguzwa.

"Unasoma nini?" akauliza mlangoni.

"Uchunguzi wako."

"Haujakamilika," akasema, akalitia daftari mkobani. Mkoba ukalia. Akafika hadi mlangoni, akasita, akarudi, akazima jiko langu, ambalo halikuwa limewashwa. Kisha akatoka mbio.