Fatiha Juu ya Gari Linalonguruma

"Mama Mboni, hivi gari la kununua husomewa kwanza au hukaguliwa kwanza?"

Jirani yangu Mwatumu aliniuliza hivyo akiwa amesimama uani kwangu na ungo wake wa mchele, siku ambazo nilikuwa bado nimekaa eda ya marehemu mume wangu. Nilidhani ananitania. Nikamjibu kwamba hukaguliwa, kisha ndipo mtu akamwomba Mungu baraka. Mwatumu akaguna.

"Basi chungulia barazani kwako. Shemeji yako keshamleta Maalim, na gari lenyewe liko mlangoni."

Damu ilinipanda. Marehemu alituachia fedha si nyingi, nazo zilikuwa haki ya watoto wake. Shemeji yangu Kombo ndiye aliyeachiwa usia wa kuzitunza. Tulikubaliana tununue gari lililokwisha tumika, mwanangu mkubwa mwenye leseni alifanye teksi baina ya mjini na Pongwe, sote tupate kula. Likifa gari hilo, hatuna jingine la kushika. Kwa hiyo nilimwambia Kombo waziwazi: lisiwe jitu la kunywa petroli kama ng'ombe kisimani, spea zake zipatikane madukani hapa hapa Tanga, liwe na cheti cha mkaguzi wa serikali. Na Eliudi, makanika wa shamba la mkonge, alifungue kabla hatujasema ndiyo. Eliudi alikuwa hata amekwisha kutuonea kigari kimoja cha mwalimu wa Muheza, kidogo, kina cheti chake.

Kombo alinijibu, "Shemeji, wewe kaa eda yako. Magari tuachie wanaume."

Nikakaa. Lakini macho sikuyafunga.

Nilichungulia dirishani. Gari refu, jeusi, limepakwa mafuta ya nazi mpaka nzi wanateleza. Dalali aliyelileta, Abdulwakil, amesimama kando na kanzu ya pasi, dereva wake yumo ndani, mguu kwenye petroli. Maalim Shehe, mzee wa watu asiyejua injini wala baiskeli, amenyanyua mikono anasoma. Kwetu fatiha ikishasomwa katika mauzo, mtu hageuki. Ukigeuka unaambiwa umeichezea Kurani. Abdulwakil alilijua hilo. Kombo pia.

Fatiha ikasomwa, gari linanguruma. Wakaitikia amina, gari linanguruma. Hapo ndipo niliposhtuka. Petroli hununuliwa, dalali gani anaiacha iungue bure? Na adabu gani hiyo, mota kushindana na maneno ya Mungu?

Wakaingia ukumbini wakaketi, nami nikasimama nyuma ya pazia.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba mwanangu. Mungu akutilieni kheri katika chombo chenu."

"Inshallah. Bwana Abdulwakil, mbona gari halizimwi?"

Abdulwakil akacheka. "Dada yangu, hiyo ndiyo sauti ya uzima! Sikiliza linavyohema, kama bwana harusi."

"Nimesikiliza. Sasa lizimwe."

"Lizimwe la nini?" Kombo akadakia. "Shemeji, fatiha imeshasomwa."

"Likizimwa fatiha itafutika?"

Huko uani Mwatumu akacheka kwa pua. Maalim akakohoa, akasema, "Lizimeni, yaishe." Dereva akazima.

"Haya, liwashwe," nikasema.

Likakohoa, likatoa mlio wa chuma kusagana, likanyamaza. Dereva akashuka na chuma cha kuzungushia injini, akazungusha mpaka kofia ikamdondoka. Kimya. Wapita njia wakasimama. Mmoja akapiga kelele, "Lichinjeni upesi, lisife kibudu!"

"Ni baridi tu hiyo," Abdulwakil akasema.

"Baridi? Saa nne na jua hili, hapa mtaani Nguvumali, na sasa hivi lilikuwa linanguruma? Cheti chake kiko wapi?"

"Cheti kitakuja, dada. Lakini cheti gani kitaishinda Kurani?"

Hapo sikujizuia tena. "Usinitilie Kurani mbele ya injini mbovu! Kurani si kitambaa cha kufunikia kutu. Umemtoa mzee wa watu msikitini, ukanyanyua mikono pamoja naye, na unajua unachouza! Mali ya mayatima hii, Abdulwakil. Anayeila anakula moto tumboni mwake, na hilo umelisoma chuoni kama nilivyolisoma mimi."

Maalim akamgeukia dalali. "Niliambiwa gari limekaguliwa. Nani alilikagua?"

Abdulwakil akamnyooshea Kombo kidole. "Muulize mwenzangu huyo."

"Mwenzako?" nikauliza. "Shemeji, una fungu lako humo?"

Kombo akajidai anatengeneza kofia yake.

"Sema, Kombo," akasema Maalim. "Una fungu?"

"Kidogo tu, Maalim. Ya usumbufu."

"Usumbufu!" nikafoka. "Watoto wa ndugu yako wa tumbo moja! Kaburi lake halijaota hata jani!"

Maalim akasema taratibu, "Nimesoma kwa uongo mlionipa. Fatiha ile haimfungi mjane huyu wala watoto wake. Abdulwakil, sukuma gari lako."

"Na fedha ziwekwe hapo mkekani mbele ya Maalim," nikasema. "Eliudi atakwenda Muheza, akifungue kile kigari mwanangu akitazama. Wewe, shemeji, huna tena la kutununulia."

Kombo akatia mkono ndani ya kanzu, akatoa furushi, akaliweka mkekani karibu na pazia. Akavaa makubadhi yake, akapita katikati ya waliokuwa wakisukuma gari, akaenda zake.